Taka Ngumu Katika Saruji na Zege: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukiacha maji, hakuna kitu binadamu anachotumia kwa wingi kama zege. Saruji peke yake huzalishwa takriban tani bilioni 4 kila mwaka duniani. Wingi huo umewafanya wengi walione zege kama shimo la kutupia chochote kisichotakiwa: majivu, chupa, matairi, mifuko ya plastiki. Majibu yaliyo hapa yanashika msimamo mwingine. Taka iingie kwenye zege ikiwa ina kazi ya kufanya humo. Ikikosa kazi, ibaki nje, hata kama imerundikana kiasi cha kutisha.

Kuna faida gani, zaidi ya kupunguza mlundikano wa taka?

Faida kubwa iko kwenye tanuri. Saruji hutokana na klinka, vibonge vya kijivu vinavyopatikana kwa kuchoma mawe ya chokaa na udongo hadi kufikia takriban nyuzi joto 1,450 za Selsiasi. Jiwe la chokaa likipata joto kali hutoa kaboni dioksidi iliyokuwa imefungwa ndani yake. Karibu 60% ya hewa ukaa inayotokana na klinka hutoka kwenye jiwe lenyewe, na inayobaki hutoka kwenye mafuta yanayochomwa. Kwa hiyo hata ukipata moto safi kabisa, zaidi ya nusu ya tatizo bado ipo palepale. Sekta ya saruji inakadiriwa kutoa 7 hadi 8% ya hewa ukaa yote inayosababishwa na binadamu.

Sasa ukichukua majivu au mavi ya chuma (uchafu unaotengana na chuma kinapoyeyushwa) ambayo yameshapitia moto wa kazi nyingine, ukayaweka mahali pa sehemu ya klinka, umeokoa jiwe, umeokoa mafuta, na umeokoa hewa ukaa. Dampo kupungua ni nyongeza tu. Na ipo faida nyingine ambayo wajenzi wa mabwawa na madaraja wanaithamini kuliko zote: mchanganyiko wa aina hiyo, ukitengenezwa vizuri, hutoa joto kidogo wakati wa kukaza na hupenyeka kwa shida zaidi na maji ya chumvi.

Taka inaingilia wapi hasa?

Kuna milango minne, na watu huichanganya. Wa kwanza ni mafuta ya tanuri: tairi au taka kavu inachomwa badala ya makaa ya mawe. Wa pili ni malighafi ya klinka: taka yenye chuma, alumina (oksidi ya alumini) au silika (madini yanayounda mchanga) inasagwa pamoja na mawe ya chokaa kabla ya kuingia tanurini. Wa tatu ni baada ya tanuri, pale majivu au mavi ya chuma yanaposagwa na klinka kiwandani, au yanapochanganywa na saruji kwenye mtambo wa zege. Wa nne ni kokoto na mchanga: vifusi vilivyovunjwa, kioo, mpira.

Mtu akikuambia "tumeweka taka kwenye zege", muulize kwanza imepitia mlango gani. Masharti ya mlango mmoja hayahusiani kabisa na ya mwingine. Tairi linalofaa sana kama mafuta linaweza kuwa kokoto mbaya.

Pozolana ni nini, na kwa nini kila anayezungumzia majivu analitaja neno hilo?

Saruji ikikutana na maji hutoa vitu viwili vikuu. Kimoja ni gundi ngumu inayoshika kokoto na mchanga. Kingine ni chokaa huru, ambayo haina nguvu ya maana na huyeyuka polepole maji yakipita. Pozolana ni unga wenye silika, au silika na alumina, ambao peke yake haugandi, lakini ukikutana na hiyo chokaa huru penye unyevu huigeuza kuwa gundi zaidi. Yaani sehemu dhaifu ya zege inageuzwa kuwa sehemu imara.

Sharti ni kwamba silika hiyo iwe katika hali ya kioo, chembe zake ndogo kabisa zikiwa hazijajipanga kuwa fuwele. Mchanga wa mtoni nao ni silika tupu, ila ni fuwele, na ukiuweka kwenye saruji utakaa humo miaka mia bila kufanya chochote zaidi ya kujaza nafasi. Hii ndiyo sababu historia ya moto wa taka ni muhimu kuliko jina lake: iliungua kwa joto gani, na ilipoa kwa kasi gani?

Jambo lenyewe si geni. Warumi walichanganya chokaa na majivu ya volkano kutoka Pozzuoli, karibu na Napoli, na jina pozolana limetoka huko. Mahali walipokosa majivu hayo walisaga vigae na matofali yaliyovunjika, ambayo kwa lugha ya leo ni taka za ujenzi. Kuba la Pantheon mjini Roma, lenye kipenyo cha zaidi ya mita 43, limesimama tangu karne ya 2 bila nondo hata moja.

Kwa hiyo naweza kutumia majivu ya jikoni?

Hapana. Majivu ya kuni yana kalsiamu, potasiamu na vipande vya mkaa ambao haukuungua, na hubadilika kila siku kulingana na mti uliochomwa. Yanafaa zaidi shambani.

Majivu yanayotajwa kwenye vitabu vya zege ni ya vituo vya kufua umeme kwa makaa ya mawe, tena yale laini yanayonaswa kabla ya moshi kutoka bombani. Uchafu wa madini uliomo kwenye makaa huyeyuka ndani ya moto, kisha hupoa ghafla ukiwa hewani, na kubaki vijipira vidogo vya kioo. Umbo hilo la mviringo hufanya zege lichanganyike kwa maji kidogo zaidi, jambo ambalo pozolana nyingi haziwezi. Bwawa la Hungry Horse huko Montana, Marekani, lililojengwa kati ya 1948 na 1953, ndilo mradi mkubwa wa mwanzo uliotumia majivu haya kwa wingi, na tangu hapo yamekuwa kitu cha kawaida.

Kasoro kuu ni mkaa ambao haukuungua. Kiwango cha Marekani, ASTM C618, kinataka uzito unaopotea majivu yakichomwa tena maabara usizidi 6% kwa kawaida. Mkaa ukizidi hunyonya dawa za kuingiza hewa kwenye zege, na zege la sehemu za baridi kali likikosa vipovu hivyo vya hewa hupasuka barafu inapoganda ndani yake. Majivu mazito yanayobaki chini ya tanuri ni kitu kingine tena: hayo hutumika zaidi mahali pa mchanga au kokoto nyepesi.

Kuna upande wa pili ambao wenye viwanda wanaujua vizuri. Vituo vya makaa ya mawe vinafungwa nchi moja baada ya nyingine, na majivu mapya yanapungua. Ndiyo maana baadhi ya kampuni sasa zinafukua majivu ya zamani kwenye mabwawa na madampo, zinayakausha na kuyachekecha upya.

Mavi ya chuma yana nini cha pekee?

Haya nayapa nafasi ya kwanza kati ya taka zote zinazotumika badala ya klinka. Chuma ghafi kikiyeyushwa, uchafu huelea juu ukiwa umeyeyuka. Ukiuacha upoe polepole unakuwa jiwe tu, linalofaa kwa kokoto. Ukiumwagia maji mengi kwa ghafla unakatika kuwa punje za kioo mfano wa mchanga mkubwa, na punje hizo zikisagwa zinaganda zenyewe mradi zipate kichocheo kidogo cha alkali au chokaa. Mjerumani Emil Langen aliligundua hilo mwaka 1862.

Kwa kuwa yanaganda yenyewe, yanaweza kuchukua nafasi kubwa ajabu. Kiwango cha Ulaya, EN 197-1, kina kundi zima la saruji liitwalo CEM III ambamo mavi ya chuma yanaanzia 36% na kufika hadi 95%. Ukivunja zege la aina hii likiwa bado changa utakuta ndani lina rangi ya kijani au buluu iliyokolea. Fundi asiyeijua hushtuka na kudhani zege limeoza. Rangi hiyo inatokana na salfa, na hufifia hewa ikishaingia.

Angalizo moja, na ni kubwa. Mavi ya tanuri la chuma ghafi si sawa na mavi ya tanuri la chuma cha pua au chuma cha kawaida kilichosafishwa. Haya ya pili yana chokaa na magnesia ambazo hazijafungwa, na zikipata maji huvimba, wakati mwingine miezi mingi baada ya kazi kukamilika. Sakafu huinuka na kupasuka. Kabla ya kutumika hata kwenye tabaka la barabara, mavi hayo huachwa nje yakinyeshewa au kumwagiliwa maji kwa miezi hadi uvimbe wake uishe, na hata hapo hupimwa.

Majivu ya pumba za mpunga je? Nasikia ni bora kuliko yote.

Yanaweza kuwa bora kuliko yote, na yanaweza kuwa bure kabisa. Tani moja ya mpunga hutoa karibu kilo 200 za pumba, na pumba hizo zikichomwa hubaki karibu kilo 40 za majivu. Majivu hayo, yakichomwa vizuri, ni silika kwa 85 hadi 95%.

Tatizo ni hilo "vizuri". Joto linalotakiwa ni takriban nyuzi 500 hadi 700. Chini ya hapo mkaa unabaki mwingi. Juu ya hapo, hasa moto ukikaa muda mrefu, silika inajipanga kuwa fuwele na nguvu yake inapotea. Lundo la pumba linalowashwa uwanjani hufanya makosa yote mawili kwa pamoja: katikati linapanda joto kupita kiasi, pembeni linafuka moshi bila kuungua.

Chukua kiganja cha majivu uyaangalie. Meusi yana mkaa. Yenye rangi ya waridi mara nyingi yamepata joto kali. Yanayotafutwa ni ya kijivu hafifu au karibu na meupe. Yasugue kati ya vidole: ukihisi bado umbo la pumba, vijiganda vinavyokwaruza, basi hayajasagwa, na majivu ya pumba yasiyosagwa hunywa maji mengi sana kwa sababu kila kipande kimejaa vitundu. Rangi hata hivyo ni dalili tu. Maabara ndiyo inayoamua, kwa kipimo cha eksirei kinachoonyesha kama kuna fuwele.

Yakishatimiza masharti, 10 hadi 15% ya uzito wa saruji ni mahali salama pa kuanzia. Majivu ya makapi ya miwa hufuata mantiki ileile, ila huja na mchanga mwingi wa shambani na hutofautiana sana kati ya kiwanda na kiwanda.

Maganda ya mayai, makombe ya baharini, vumbi la mbao?

Maganda ya mayai na makombe ni kalsiamu kaboneti, sawa na jiwe la chokaa. Yakisagwa ni kijazio kizuri. Hayageuki saruji bila kuchomwa, na ukiyachoma yanatoa kaboni dioksidi ileile. Makombe yaoshwe chumvi kwanza kama kuna nondo. Vumbi la mbao lina sukari, na sukari ni adui wa saruji: 0.05% tu ya uzito wa saruji inachelewesha kukaza, na ikikaribia 1% zege linaweza lisikaze kabisa.

Chupa za kioo zikisagwa zinafaa?

Zinafaa zikisagwa sana, na zinadhuru zikisagwa kidogo. Hapa watu wengi huduwaa, kwa sababu ni kitu kilekile.

Kioo ni silika isiyo na fuwele, hivyo ni pozolana kwa asili. Kikiwa unga, tuseme chini ya mikroni 75, kinamezwa na chokaa huru mapema, wakati zege bado linaweza kujipanga. Kikiwa vipande vya ukubwa wa kokoto au mchanga mkubwa, alkali iliyomo kwenye saruji hukishambulia pole pole na kutengeneza ute unaonyonya maji na kuvimba ndani ya zege ambalo limeshakuwa gumu. Baada ya miaka kadhaa unaona nyufa zilizosambaa juu ya uso kama ramani. Thomas Stanton wa California ndiye aliyeueleza ugonjwa huu wa alkali na silika mwaka 1940, akichunguza kokoto za asili na si chupa, lakini mchakato ni huohuo.

Vipande vya kioo vya kupendezesha sakafu vinawezekana kwa saruji yenye alkali kidogo pamoja na mavi ya chuma au majivu ya kutosha. Bila hivyo, pendezesha kwa kitu kingine.

Vifusi vya jengo lililobomolewa vinaweza kuwa kokoto mpya?

Ndiyo, na hapa ndipo kuna wingi mkubwa kuliko mahali pengine pote. Baada ya Vita vya Pili vya Dunia miji ya Ujerumani ilisaga matofali ya vifusi vyake ikayatumia kwenye zege la majengo mapya. Vilivyobaki Berlin vilirundikwa hadi vikawa kilima cha Teufelsberg.

Shika kokoto moja iliyotoka kwenye zege kuukuu. Upande mmoja utaona jiwe lenyewe, laini na la rangi moja. Upande mwingine umeng'ang'aniwa na ganda la kijivu lililo na vitundu, ambalo ni mchanga na saruji vya zamani. Ganda hilo ndilo chanzo cha shida zote. Idondoshee maji: yale ya upande wa jiwe yanateleza, yale ya upande wa ganda yanazama. Kokoto za kawaida hunyonya 1 hadi 2% ya uzito wake. Hizi hunyonya kati ya 3 na 10%. Ukizitupa kavu kwenye mchanganyiko zinaiba maji yaliyokusudiwa saruji, zege linakauka mikononi mwa fundi, naye anaongeza maji kwa ndoo. Kuanzia hapo kosa si la vifusi tena. Dawa yake ni rahisi: zilowekwe au zimwagiliwe tangu jana yake, zitumike zikiwa zimeshiba ndani na uso hautiririki maji.

Kubadilisha 20 hadi 30% ya kokoto kubwa kwa kawaida hakupunguzi nguvu kwa kiasi cha kutia wasiwasi. Ukivuka hapo, tarajia zege kusinyaa zaidi na kujipinda zaidi chini ya mzigo. Ule unga na mchanga laini wa vifusi ni afadhali uende kwenye tabaka la chini la barabara au kujazia, kwa sababu ndimo maganda ya saruji kuukuu yanapojikusanya.

Kinachoharibu kazi nyingi ni uchafu unaoambatana. Jasi ya dari na ya kuta huleta sulfeti, ambayo humea ndani ya zege na kulipasua. Mbao huoza zikaacha mashimo. Alumini za madirisha zina tabia mbaya inayoelezwa hapo chini. Asbesto ikionekana, kazi ya kusaga isimame pale pale na waitwe wenye utaalamu wa kuiondoa. Ukitaka kokoto nzuri, basi jengo livuliwe kabla ya kuvunjwa: dari kando, mbao kando, zege kando.

Na plastiki?

Hapa nitasema wazi kuliko wengi wanavyopenda. Vipande vya plastiki kwenye zege ni, mara nyingi, njia ya kuficha taka. Plastiki haishikani na saruji, haina nguvu, na kadiri inavyoongezeka nguvu ya mgandamizo inashuka. Moto ukitokea inayeyuka na kuacha mapengo, huku ikitoa moshi. Uso ukilika, vipande vidogo vinakwenda kwenye udongo na maji. Na lile zege likibomolewa siku moja, limeshaharibiwa: si kokoto safi tena, wala si plastiki inayoweza kuchakatwa.

Nyuzi za plastiki zilizotengenezwa kwa kipimo maalumu ni jambo jingine. Nyuzi za polipropilini huzuia nyufa za mwanzo, na kwenye mahandaki huyeyuka wakati wa moto mkali na kuacha vijia vya mvuke ili zege lisilipuke vipande. Hizo zina kazi. Chupa iliyokatwakatwa kwa mkasi haina.

Mpira wa matairi uko katikati. Hupunguza nguvu pia, lakini huongeza uwezo wa kuvumilia migongano, kwa hiyo vizuizi vya barabarani na sakafu za michezo vinaweza kunufaika. Nguzo na boriti, hapana.

Kuchoma taka kwenye tanuri la saruji si sawa na kuchoma taka kiholela?

Si sawa, mradi masharti yafuatwe. Ndani ya tanuri mwali hufika karibu nyuzi 2,000, gesi hukaa humo sekunde kadhaa, na chokaa iliyojaa kila mahali hunasa gesi za tindikali. Hakuna majivu yanayobaki ya kutupa, kwani nayo huingia kwenye klinka. Tairi ni mfano mzuri: mpira hutoa joto kwa kilo linalolingana na makaa ya mawe au kuyazidi, na nyaya za ndani hutoa chuma ambacho klinka inakihitaji hata hivyo.

Ila tanuri lina mipaka. Zebaki haifungwi na klinka. Inapaa na moshi. Klorini, kwa mfano ya plastiki ya PVC, huzunguka ndani, huganda kwenye kuta na kuziba njia. Betri na vifaa vya elektroniki vizima havipaswi kuingia. Taka mbichi za jikoni hupoteza joto kwa kukausha maji. Na wakati wa kuwasha au kuzima tanuri, joto likiwa bado halijatulia, taka isilishwe hata kidogo. Jirani wa kiwanda ana haki ya kuuliza swali hilo moja na kupewa jibu lenye vipimo vya moshi.

Majivu ya vinu vya kuchoma taka za mjini yanaweza kuwekwa kwenye zege?

Majivu mazito ya chini yanawezekana baada ya kuondolewa vyuma na kuachwa yatulie kwa wiki au miezi. Tatizo lao ni vipande vya alumini vinavyosalia humo, na linaonekana kwa macho. Weka vipande vya alumini kwenye uji wa saruji, na baada ya muda mfupi utaona vipovu vikipanda: alkali inakula alumini na kutoa haidrojeni. Ndani ya tofali bichi vipovu hivyo huliumua, likabaki na mapango. Watengenezaji wa matofali mepesi hutumia unga wa alumini kwa makusudi na kwa kipimo, wewe hukuomba.

Majivu laini ya kwenye vichujio vya moshi vya vinu hivyo ni taka hatarishi, yana kloridi na metali nzito, na hayana nafasi kwenye zege la kawaida.

Sumu zilizomo kwenye majivu hazitavuja?

Majivu ya makaa ya mawe yanaweza kuwa na aseniki, kromiamu, seleniamu na nyinginezo kwa viwango vidogo. Yakiwa yamefungwa ndani ya zege zito lisilopitisha maji kirahisi, kinachotoka ni kidogo sana. Yakiachwa bwawani, hatari ni kubwa zaidi: Desemba 2008 ukuta wa bwawa la majivu uliporomoka Kingston, Tennessee, na zaidi ya mita za ujazo milioni 4 za majivu yenye maji zikafunika ardhi na mito.

Lakini "kidogo sana" ithibitishwe kwa kipimo cha uvujaji, hasa kwa taka ambayo asili yake haijulikani. Na mfanyakazi anayefungua mfuko yuko hatarini kuliko atakayeishi ndani ya nyumba. Vumbi laini la silika huharibu mapafu, basi barakoa halisi ya vumbi ivaliwe, siyo kitambaa kilichofungwa mdomoni.

Nondo zitapata kutu haraka zaidi?

Inategemea adui ni nani. Dhidi ya chumvi ya bahari, zege lenye mavi ya chuma au majivu hulinda nondo vizuri zaidi, kwa sababu vijia vyake ni vyembamba. Dhidi ya kaboni dioksidi ya hewani linaweza kuwa dhaifu zaidi, kwani chokaa iliyokuwa ikiweka hali ya alkali imeshatumika. Kinga ni ileile ya siku zote: maji machache, unene wa kutosha juu ya nondo, na kumwagilia kwa muda unaotakiwa.

Kumwagilia ndiko kunakopuuzwa kuliko vyote. Pozolana inafanya kazi polepole. Siku ya 3 na ya 7 zege lake litakuwa nyuma ya lile la saruji tupu, na linaweza kulifikia siku ya 28, ya 56 au ya 90. Likikauka kabla ya hapo, kazi inasimama. Siku 7 za unyevu ni kima cha chini kwa zege la kawaida. Lenye majivu mengi lipewe hata 14, na fremu zisitolewe kwa mazoea.

Lipo zege lisilo na saruji kabisa?

Lipo. Majivu au mavi ya chuma huamshwa kwa alkali kali badala ya klinka. Viktor Glukhovsky alilifanyia kazi Kyiv katika miaka ya 1950, na Mfaransa Joseph Davidovits akaliendeleza miaka ya 1970 kwa jina la jiopolima. Uwanja wa ndege wa Wellcamp karibu na Toowoomba, Australia, uliofunguliwa 2014, una makumi ya maelfu ya mita za ujazo ya zege hilo. Si kazi ya kujaribia nyumbani: alkali zake huunguza ngozi na macho, na utengenezaji wake una hewa ukaa yake.

Mahali ambapo majivu na mavi ya chuma ni adimu, naona udongo uliochomwa una mustakabali mzuri zaidi. Saruji iitwayo LC3, inayohusishwa sana na Karen Scrivener wa chuo cha EPFL Uswisi, ina takriban 50% klinka, 30% udongo wa kaolini uliochomwa kwa nyuzi 700 hadi 850, 15% unga wa jiwe la chokaa na 5% jasi. Hewa ukaa hupungua kwa karibu 40%. Udongo unaofaa mara nyingi umeshafukuliwa na kutupwa kando ya migodi.

Nina taka nataka kuijaribu. Nianzie wapi?

Anza na tofali lisilobeba mzigo au tofali la kutandaza njiani, kamwe si nguzo. Pima kwa uzito, si kwa ndoo. Majivu ni mepesi: chembe za saruji zina uzito wa karibu mara 3.15 ya maji, za majivu ya makaa karibu mara 2.2, hivyo ndoo moja badala ya ndoo moja inakudanganya. Ikiwa zege lako lina kilo 300 za saruji kwa mita ya ujazo na unajaribu 20%, hiyo ni kilo 240 za saruji na 60 za majivu, na maji yahesabiwe kwa zile 300 zote. Tengeneza na mchanganyiko usio na taka siku hiyohiyo, kwa mchanga na maji yaleyale, vinginevyo huna cha kulinganisha.

Kisha peleka sampuli maabara kwa mambo matatu. Nguvu: katika utaratibu wa ASTM, mchanganyiko wenye 20% ya majivu unatakiwa ufikie angalau 75% ya nguvu ya ule wa saruji tupu. Uvimbe: kipimo cha Le Chatelier, ambacho EN 197-1 inataka kisizidi milimita 10. Na muda wa kukaza. Ukipita, rudia kwa shehena nyingine ya taka hiyohiyo iliyotoka siku tofauti. Taka nyingi hufeli hapa, kwa sababu leo ni kitu kimoja na kesho kingine.

Zege lililobaki kwenye gari na maji ya kuoshea mitambo?

Hii ndiyo taka rahisi kuliko zote kurudisha. Zege bichi huoshwa na kuchekechwa, kokoto zikarudi kwenye lundo na mchanga kwenye lundo lake. Maji yake ni ya alkali kali, hayatakiwi kufika mtaroni, lakini yakituama yanaweza kuchanganyia zege jipya kwa masharti ya kiwango cha ASTM C1602, ambacho hulinganisha nguvu na muda wa kukaza dhidi ya zege lililochanganywa kwa maji safi. Kwa mtambo mdogo, matangi mawili ya kutuamisha na pampu moja yanatosha kuanzia.